Albamu ya kwanza ya jazz: Moanin', Kind of Blue, Ella and Louis au Head Hunters?

Jina lenyewe tuliweke sawa kwanza. Msikilizaji wa Afrika Mashariki akisikia neno jazz, huenda akakumbuka Morogoro Jazz na gitaa la Mbaraka Mwinshehe, au OK Jazz iliyozaliwa Léopoldville (Kinshasa ya leo) mwaka 1956. Bendi hizo zilibeba neno hilo kwenye majina yao, lakini muziki wao ni dansi: umejengwa ili watu wasikae, magitaa yakizunguka juu ya mstari mmoja mpaka ukumbi utoke jasho. Jazz ya Marekani imejengwa kwa namna nyingine. Wimbo ni fremu tu. Bendi inapiga mahadhi makuu, kisha wapigaji wanapokezana kubuni papo hapo juu ya fremu hiyo, mwishoni mahadhi yanarudi. Anayeingia akisubiri kiitikio au sebene ataona wimbo haujaanza, kumbe uko katikati.

Ushauri unaotolewa karibu kila mahali ni kuanza na Kind of Blue ya Miles Davis. Albamu hiyo inastahili sifa zake zote. Lakini kwa sikio lililolelewa na dansi, kwaya au taarab, tunaona isitangulie. Tutaeleza kwa nini, na tutaiweka kando ya albamu nyingine tatu ili uchague kufuatana na sikio ulilo nalo tayari.

Mzunguko: kitu pekee cha kujifunza kabla

Wakati wa solo, yaani zamu ya mpigaji mmoja kubuni, mahadhi huyasikii, ila mfuatano wa sauti zilizokuwa chini yake unaendelea kuzunguka. Piano na besi wanaubeba bila kukatika. Ni kama beti za shairi: maneno yanabadilika kila ubeti, mizani na vina vinabaki. Mpiga solo anapomaliza mzunguko mmoja anaanza mwingine, na mzunguko una urefu uleule kila mara.

Miongoni mwa mizunguko mingi, miwili ndiyo utakayoikuta zaidi. Wa kwanza ni bluzi, wenye mizani 12, yaani vifungu 12 vya mapigo manne manne, jumla mapigo 48. Wa pili una mizani 32, umegawanywa sehemu nne za mizani nane: sehemu ya kwanza, inarudiwa, inakuja sehemu ya daraja yenye mahadhi tofauti, kisha ya kwanza inarudi. Wanamuziki huuandika A A B A.

Msikilizaji mpya hupotea pale solo inapoanza, na sababu ni hiyohiyo: anasubiri mahadhi, mahadhi hayapo. Dawa yake ni kuyaimba mahadhi kimoyomoyo huku solo ikiendelea. Ukifika mwisho wa mahadhi yako ya moyoni, utasikia bendi nayo inageuka. Mara ya kwanza itakushinda kwenye daraja, kwa kuwa hapo ndipo kumbukumbu huteleza. Rudia.

Na makofi: ukitaka kushika mapigo manne, piga kwenye la pili na la nne. Hapo ndipo matoazi mawili ya mguu ya mpiga drams hufunga kwa sauti kavu, na ukikosa kila kitu kingine unaweza kuyafuata hayo. Kwenye jedwali linalofuata, swingi ni mwendo wa jazz usiogawanya pigo sawasawa; fanki huligawanya sawasawa.

Albamu nne kwa pamoja

| | Moanin' | Kind of Blue | Ella and Louis | Head Hunters |
|---|---|---|---|---|
| Msanii | Art Blakey and the Jazz Messengers | Miles Davis | Ella Fitzgerald na Louis Armstrong | Herbie Hancock |
| Ilirekodiwa | 1958 | 1959 | 1956 | 1973 |
| Nyimbo | 6 | 5 | 11 | 4 |
| Urefu | kama dakika 40 | kama dakika 45 | kama dakika 54 | kama dakika 42 |
| Walioshiriki | 5 | 7, si zaidi ya 6 kwa wimbo | waimbaji 2, wapigaji 4 | 5 |
| Mwendo | swingi nzito | swingi tulivu | swingi ya polepole | fanki |
| Uimbaji | hakuna | hakuna | mwanzo hadi mwisho | hakuna |
| Anza na | Moanin' | Freddie Freeloader | The Nearness of You | Chameleon |
| Sikio linalofaa | dansi, kwaya | anayependa utulivu | taarab, nyimbo za maneno | dansi la sebene ndefu, fanki, hip hop |

Moanin'

Ilirekodiwa kwa siku moja, tarehe 30 Oktoba 1958, kwenye studio ya Rudy Van Gelder, ambayo wakati huo ilikuwa sebuleni kwa wazazi wake, Hackensack, New Jersey. Art Blakey yuko kwenye drams, Lee Morgan anapuliza tarumbeta akiwa na miaka 20, Benny Golson yuko kwenye saksafoni ya tenor, Bobby Timmons kwenye piano na Jymie Merritt kwenye besi. Toleo la kwanza liliandikwa jina la bendi tu. Jina Moanin' lilikuja kushika baadaye kwa sababu ya wimbo unaolifungua. Ukiitafuta, hakikisha ina nyimbo sita. Matoleo mengine yanaongeza marudio ya wimbo uleule, na mgeni anadhani kifaa chake kimekwama.

Tunaipa nafasi ya kwanza kwa sababu ya wimbo huo wa kufungua, alioutunga Timmons. Mahadhi yake ni maongezi. Piano inasema kifungu peke yake, bendi inajibu kwa sauti mbili nzito zinazoshuka kama "amina" ya kanisani. Piano tena, bendi tena. Mizani nane zikiisha, wanabadilishana: tarumbeta na saksafoni ndizo zinazosema, wengine wanajibu. Kisha daraja linakuja, kuitikiana kunakoma na bendi inatembea mbele moja kwa moja. Halafu kuitikiana kunarudi. Hiyo ni A A B A, na mtu aliyewahi kusimama kwenye kwaya, au kucheza ngoma yenye mwimbishaji na waitikiaji, anaishika bila kuhesabu.

Mahadhi yanachukua takriban dakika moja. Kisha solo zinapangwa hivi: Morgan, Golson, Timmons, Merritt. Na Blakey anakusaidia kwa namna ambayo wapiga drams wengi hawafanyi. Mzunguko unapokaribia kuisha, mara nyingi anavurumisha fimbo kwenye ngoma ndogo, mvumo unapanda kama gari linalokuja, kisha anaangusha pigo mzunguko mpya ukianza. Ukipotea, msubiri yeye. Atakurudisha.

Wimbo wa pili kuusikiliza uwe Blues March, ingawa kwenye albamu ni wa tano. Golson aliutunga kwa mwendo wa gwaride, na Blakey anaufungua kwa ngoma ndogo kama ya bendi ya askari. Waliokulia pwani wakaona beni barabarani watautambua mwendo huo mara moja, maana beni nayo ilitokana na kuigiza bendi za gwaride. Chini ya gwaride hilo kuna bluzi ya mizani 12, kwa hiyo unapata somo la mzunguko mfupi baada ya kushika ule mrefu.

Wiki ya kwanza acha The Drum Thunder Suite. Ni kazi ya drams iliyopangwa kwa sehemu, inahitaji kifaa kinachotoa sauti nzito vizuri. Kwenye spika ndogo inageuka kishindo. Along Came Betty nayo isubiri. Ni wimbo mzuri sana, ila mahadhi yake hayajirudii waziwazi kama ya Moanin'.

Kind of Blue

Hapa tofauti na Moanin' ndiyo yenye mafunzo. Albamu hii ilirekodiwa kwa siku mbili, 2 Machi na 22 Aprili 1959, kwenye studio ya Columbia ya barabara ya 30, New York. Miles Davis kwenye tarumbeta, John Coltrane kwenye saksafoni ya tenor, Cannonball Adderley kwenye saksafoni ya alto, Paul Chambers kwenye besi, Jimmy Cobb kwenye drams. Piano ni ya Bill Evans, isipokuwa wimbo wa pili ambapo yuko Wynton Kelly.

Watu husema ni rahisi kwa kuwa ni tulivu. Utulivu huo una sababu ya kiufundi. So What, wimbo wa kwanza, umejengwa juu ya skeli (ngazi za sauti) mbili tu: mizani 16 kwenye skeli moja, mizani nane kwenye skeli ileile iliyopandishwa nusu hatua, kisha mizani nane za kurudi chini. Mpiga solo ana uwanja mpana, hakimbizwi na mabadiliko. Lakini angalia msikilizaji anapata nini. Mzunguko unaisha kwa mizani nane za chini na unaofuata unaanza kwa mizani 16 za chini hizohizo, yaani mizani 24 mfululizo bila alama ya njiani. Moanin' ina vibao vya barabarani kila baada ya hatua chache. So What ni barabara ya wazi usiku. Ukishajua kuhesabu ni furaha kubwa. Ukiwa hujajua, unaelea, na ukielea mara tano albamu inageuka muziki wa kufanyia kazi nyingine. Wengi wamekwama hapo wakadhani wameifahamu.

Ndiyo maana tunasema uingie kwa wimbo wa pili, Freddie Freeloader. Ni bluzi ya mizani 12, mwendo wa wastani, na tungekuwa na wimbo mmoja tu wa kumfundishia mtu mzunguko wa bluzi tungechukua huo. Hesabu mapigo 48, anza tena. Solo zinakwenda Kelly, Davis, Coltrane, Adderley, kisha Chambers kwenye besi. Linganisha Davis na Coltrane wakiwa juu ya mzunguko uleule: mmoja anaacha nafasi tupu kati ya vifungu, mwingine anaijaza yote. Hakuna maelezo ya kitabuni yanayoonyesha maana ya kubuni papo hapo kuliko dakika hizo.

Kisha rudi So What ukiwa na ramani hii. Kama nusu dakika ya kwanza ni utangulizi wa piano na besi usio na mapigo ya wazi. Besi ya Chambers ndiyo inayopiga mahadhi, jambo lisilo la kawaida, na bendi inajibu kwa sauti mbili. Kama dakika 1 na sekunde 30, Davis anaanza. Karibu na 3:25 anaingia Coltrane, karibu na 5:15 Adderley, karibu na 7:05 Evans. Kila mpuliza anazunguka mara mbili, Evans mara moja. Ukisikia sauti nzima imepanda kidogo, uko kwenye daraja. Subiri mizani nane itashuka.

Kwa msikilizaji wa pwani kuna zawadi kwenye wimbo wa nne, All Blues. Mwendo wake ni wa mapigo sita, na anayejua chakacha au ngoma nyingine za namna hiyo atautikisia bega kabla hajauelewa.

Jambo moja la matoleo. Siku ya Machi mashine moja ya kurekodia ilikwenda polepole kidogo kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo nyimbo tatu za kwanza zilitoka zikiwa juu kidogo ya sauti halisi kwenye matoleo ya zamani. Kosa lilirekebishwa mwaka 1992. Kwa kusikiliza tu huna haja ya kuhangaika, ila ukitaka kupiga gitaa au piano pamoja na santuri kuukuu, utaona hamkubaliani na utailaumu ala yako bure.

Ella and Louis

Kama wewe ni mtu wa maneno, mtu ambaye taarab kwake ni shairi kwanza na vyombo baadaye, anzia hapa bila kusikiliza anayekucheka kwamba umechagua rahisi. Ella Fitzgerald na Louis Armstrong walirekodi albamu hii tarehe 16 Agosti 1956, Los Angeles, wakisindikizwa na Oscar Peterson kwenye piano, Herb Ellis kwenye gitaa, Ray Brown kwenye besi na Buddy Rich kwenye drams. Sauti ya Ella laini na safi na sauti ya Armstrong yenye mikwaruzo zinapokezana beti, na katikati Armstrong anaweka midomo kwenye tarumbeta.

Faida yake ni kwamba maneno yanakuhesabia mzunguko. Chukua The Nearness of You: sikiliza wanapobadili wazo la maneno, hapo ndipo daraja lilipo, wazo la mwanzo likirudi, umerudi A. Ukitoka hapo kwenda kwenye Moanin', umbo ni lilelile, maneno tu hayapo.

Hasara zake ni mbili. Nyimbo nyingi ni za taratibu, kwa hiyo anayetaka kusisimka atasinzia kabla ya wimbo wa sita; sikiliza tatu tatu. Na solo ni fupi, ndiyo kusema inakufundisha umbo na swingi lakini haikufundishi kumfuata mpigaji anayebuni kwa dakika mbili. Zingatia pia kwamba kuna albamu iliyofuata, Ella and Louis Again, na mikusanyo inayoziunganisha. Ya kwanza ina nyimbo 11 na inafunguliwa na Can't We Be Friends.

Head Hunters

Hii ni ya 1973 na ndiyo iliyo mbali zaidi na nyingine tatu. Chameleon, wimbo wa kufungua, ni wa dakika 15 na ushee. Unaanza na mstari wa besi peke yake, ambao Hancock anaupiga kwa sinthesaiza (kinanda cha umeme), kisha vyombo vinaingia kimoja kimoja hadi vyote vikajaa. Aliyezoea kusubiri sebene ipande kwa dakika kumi hahitaji mwalimu hapa. Watermelon Man, wimbo wa pili, unafunguliwa na Bill Summers akipuliza chupa kwa mtindo wa wapuliza filimbi na sauti wa Mbilikimo wa Afrika ya Kati.

Lakini tuseme wazi: Head Hunters haikufundishi swingi. Mapigo yake yamegawanyika sawasawa, kama fanki, wakati kwenye swingi kila pigo hugawanyika nusu mbili zisizolingana, ya kwanza ndefu, ya pili fupi. Aliyeanza hapa akahamia Kind of Blue bila daraja huona bendi imelala. Basi ichague ikiwa unataka kuingia kwa mwili kwanza, ukijua kwamba kazi ya swingi bado inakusubiri.

Kuna mtego hapa kwa msomaji wa Kiswahili. Kabla ya Head Hunters, Hancock alikuwa na bendi ambayo wapigaji wake walijipa majina ya Kiswahili: yeye Mwandishi, Buster Williams Mchezaji, Billy Hart Jabali, Eddie Henderson Mganga. Albamu yao ya 1971 inaitwa Mwandishi. Jina linavuta, nasi tunaipenda, ila ni ngumu: nyimbo tatu ndefu, na wa kwanza unahesabiwa mapigo 15 kwa mzunguko. Kuichagua kwa sababu ya jina ni njia ya haraka ya kukata tamaa. Ukitaka Kiswahili ndani ya jazz mapema, afadhali Uhuru Afrika ya Randy Weston, iliyorekodiwa New York Novemba 1960. Bendi ni kubwa, mpangilio ni wa Melba Liston, maneno ni ya Langston Hughes, na mwanzoni Tuntemeke Sanga kutoka Tanganyika anaghani kwa Kiswahili. Sehemu zake zina majina kama Uhuru Kwanza na Kucheza Blues. Mwaka 1964 serikali ya Afrika Kusini iliipiga marufuku. Isikilize baada ya mwezi mmoja, ukishazoea bendi ndogo, kwa kuwa kwenye bendi kubwa masikio ya mgeni hayajui yamfuate nani.

Nyingine zinazotajwatajwa

Time Out ya Dave Brubeck, ya 1959, ni nzuri kwa anayependa kuhesabu. Take Five, alioutunga mpiga saksafoni Paul Desmond, una mapigo matano: hesabu moja-mbili-tatu, moja-mbili, na piano inakupigia hesabu hiyohiyo mwanzo hadi mwisho. Shida ni kwamba wengi huishia kwenye wimbo huo mmoja.

A Love Supreme ya John Coltrane, iliyorekodiwa 9 Desemba 1964, ina dakika 33 tu na hushauriwa kwa sababu ni fupi. Isitangulie. Ni sala iliyopigwa kwa nguvu zote, na asiyejua bado kumfuata mpiga solo anasikia kelele mahali palipo na unyenyekevu. Ingekuwa hasara kuichoka kabla ya wakati.

Wapo wanaotaka kuanza tangu mwanzo, na Louis Armstrong wa miaka ya 1920. West End Blues ya 28 Juni 1928 inatetemesha hadi leo. Ila santuri za wakati huo zilibeba takriban dakika tatu kwa upande, kwa hiyo solo ni za sekunde chache, na sauti ya kurekodiwa imebana kiasi kwamba besi na drams karibu havisikiki. Solo ndefu zilipata nafasi santuri ndefu ya LP ilipokuja mwaka 1948. Historia isomwe kurudi nyuma: anza miaka ya 1950, kisha shuka.

Na orodha za "jazz ya kusomea"? Zinatuliza, hatuna ugomvi nazo. Hazifundishi, kwa sababu kila wimbo unabadilisha bendi kabla hujamjua mpigaji hata mmoja.

Kifaa na bando

Besi kubwa ya kusimama ina uzi wa chini unaotoa sauti ya karibu hezi 41. Spika ya simu haiwezi kutoa sauti nzito kiasi hicho. Unabaki na mikwaruzo ya juu tu. Kwenye Moanin' unapoteza mguu wa wimbo. Kwenye So What unapoteza mahadhi yenyewe, kwani ni besi inayoyapiga, na unasikia bendi inajibu swali ambalo hukulisikia. Watu wengi walioiona So What haina maana walikuwa na kosa hili tu.

Hedifoni za waya za bei ya chini zinaishinda spika ya simu kwa mbali, mradi zikae vizuri sikioni. Zikilegea, sauti nzito ndiyo inayotoroka kwanza. Hakikisha pande zote mbili zinafanya kazi. Kwenye Kind of Blue ya stirio, Coltrane yuko kushoto na Adderley kulia, kwa hiyo upande mmoja ukifa, mmoja wao anabaki mwangwi. Spika ya bluetooth moja inatosha kwa Head Hunters na Moanin', ila huunganisha pande mbili kuwa moja. Redio ya gari inafaa Moanin' peke yake; ukimya wa Kind of Blue unamezwa na injini.

Hesabu ya bando kwa albamu ya dakika 45: kwa ubora wa kilobiti 96 kwa sekunde ni takriban MB 32, kwa 160 ni MB 54, kwa 320 ni MB 108. Kwa hedifoni za kawaida 160 inatosha. Pakua mara moja kwenye waifai kisha uirudie mara kumi bure, badala ya kuitazama kama video ambayo itakula bando mara nyingi zaidi ya hapo. Zima kipengele cha kuchanganya nyimbo. Baadhi ya programu za bure hukiwasha zenyewe, na zinakuchomekea wimbo wa mtu mwingine katikati.

Namna ya kusikiliza wiki mbili za kwanza

Chagua albamu moja na wimbo mmoja. Usikilize mara tano, si kwa siku moja. Mara ya kwanza sikiliza tu. Mara ya pili fuata besi peke yake mwanzo hadi mwisho; itakuwa ngumu, sikio litakimbilia tarumbeta, lirudishe. Ya tatu fuata matoazi. Ya nne imba mahadhi kimoyomoyo wakati wa solo. Ya tano mfuate mpiga solo, na sasa utasikia anaongea juu ya kitu unachokijua. Kikao kisizidi dakika 20. Sikio likichoka halijifunzi.

Kosa linalowaharibia wengi ni haraka ya kubadilisha. Wimbo wa kwanza haukuwaingia, wanaruka wa pili, albamu ya pili, ya tano, na kila mara wanabaki kwenye mara ya kwanza. Hata hivyo, ikiwa baada ya mara tano za kweli, kwenye hedifoni, wimbo bado haukugusi, hamia albamu ya jirani kwenye jedwali hapo juu. Huenda umechagua sikio lisilo lako.

Ya pili ifuate mtu, si orodha

Jazz ni muziki wa watu wanaohamahama bendi, na njia rahisi ya kusonga mbele ni kumfuata mpigaji unayemjua tayari. Ukitoka Moanin' na ukitoka Kind of Blue, njia zinakutana kwenye Blue Train ya John Coltrane, iliyorekodiwa 15 Septemba 1957: Lee Morgan yumo kwenye tarumbeta, Paul Chambers yumo kwenye besi, na wimbo unaobeba jina la albamu ni bluzi ya mizani 12. Ukitoka Ella and Louis, chukua Night Train ya Oscar Peterson. Yeye na Ray Brown ni walewale, waimbaji wameondoka, na sasa unasikia kile walichokuwa wakikifanya nyuma ya maneno.

Aliyeanza na Head Hunters ana njia nzuri kuliko wote. Hancock alikuwa amekwisha kurekodi Watermelon Man mwaka 1962 kwenye albamu yake Takin' Off, akiwa na Freddie Hubbard kwenye tarumbeta na Dexter Gordon kwenye saksafoni ya tenor, piano ya kawaida, besi ya kusimama, mzunguko wa mizani 16. Sikiliza ya 1973, kisha ya 1962, kisha ya 1973 tena. Kwenye ile ya zamani hesabu mizani 16 na ungoje solo ya Hubbard: mahadhi unayajua tayari, kwa hiyo unaweza kuyaimba kimoyomoyo chini ya tarumbeta yake tangu siku ya kwanza.